Naandika riwaya ya watoto kuhusu vita vya Tanga vya 1914: huyu punda afe au nimwache?

#1 Mwalimu wa Chumbageni (mleta uzi)

Wadau habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini. Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya watoto wa darasa la tano na la sita, na nimekwama. Msinihamishie jukwaa la mahusiano tafadhali, watu wa historia wako huku.

Kisa ni hiki. Mwaka 1914, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, familia moja inaishi kwenye shamba la minazi Ras Kasone. Baba ni Mzee Kombo, mama ni Mwanaidi, yupo na bibi, halafu Athumani wa miaka kumi na mdogo wake Mwanasha wa miaka mitano. Na punda jike anaitwa Rupia. Kila alfajiri Rupia anabebeshwa shogi, nazi upande huu na nazi upande huu, anapelekwa Ngamiani. Baba alimkopa, na siku alipomleta nyumbani bibi akasema, "Huyu si punda, hili ni deni lenye masikio." Ndipo akaitwa Rupia, kama fedha ya wakati ule.

Jumatatu ya Novemba 2, manowari ya Waingereza iitwayo Fox inatokea. Nahodha wake anashuka pwani, anamwambia Bwana Shauri (mkuu wa wilaya) wa Kijerumani asalimishe mji, anampa saa moja. Mjerumani anaondoka kimyakimya, anakwenda kuvaa sare yake ya jeshi. Mji unaanza kuhama. Nyuma ya Fox zinakuja meli zimejaa askari, kama 8,000 kwa jumla, wengi wao wa Bara Hindi, waliong'oa nanga Bombay Oktoba 16. Wanashukia wapi? Ras Kasone. Uani kwa kina Athumani.

Sehemu ya kwanza ni siku hizo nne, hadi nyuki wanapowavamia askari na hadi Waingereza wanapopanda meli zao tena. Sehemu ya pili ni Aprili 1915 kule Manza, Rupia anachukuliwa kubeba masanduku ya risasi. Sehemu ya tatu ni 1916, jeshi la Wajerumani linarudi nyuma kuelekea Handeni, baba anachukuliwa upagazi na Rupia yumo kwenye msafara. Hapo ndipo kalamu imegoma. Nimewasomea wanafunzi wangu mpaka mlango wa Handeni nikafunga daftari. Kesho yake mzazi kanipigia simu kwamba mtoto hajala usiku.

Nauliza: Rupia afe au arudi?

#2 Kijana wa Makorora

Punda afe mzigo ufike. Uzi ufungwe 😂

#3 Nahodha Mstaafu

Nimeweka kambi hapa. Mwalimu, kabla hatujamzika punda wa watu, umeangalia kalenda ya Kiislamu? Familia yako ni Waislamu wa pwani kwa majina yao. Mwaka 1333 wa Hijra uliingia katikati ya Novemba 1914, kwenye tarehe 19 hivi. Rudi nyuma uhesabu. Novemba 2 inaangukia baada ya kumi la kwanza la Mfunguo Tatu (Dhulhija), yaani Iddi Kubwa ilikuwa imepita siku tatu nne tu. Nyumba ya Mzee Kombo ina nyama ya kukausha kambani na watoto wana nguo mpya. Manowari imeikuta Tanga bado ina harufu ya Iddi.

Na ukiwa katikati ya mwezi mwandamo, mbalamwezi ni kubwa. Usiku ule walioshuka pwani walikuwa wanaonekana. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alifika kwa treni kutoka upande wa Moshi, akaingia mjini usiku kwa baiskeli kupeleleza. Kwa baiskeli! Mtoto wa darasa la tano mpe hiyo, atakuelewa kuliko ukimwambia idadi ya kombania.

#4 Mwalimu wa Chumbageni

Nahodha, umenivunja mbavu na umenipa sura mpya. Nilikuwa nimeandika usiku wa giza totoro, Athumani anapapasa ukuta. Nafuta. Na nguo ya Iddi ya Mwanasha nimeshaijua kazi yake.

#5 Mpekuzi

Niongeze ya nyuki, maana hapo ndipo kila mtu hupotoka. Waingereza walipopigwa Novemba 4 walisema Wajerumani walitega mizinga ya nyuki kwa nyaya. Si kweli. Mizinga ilikuwa ya wenyeji, imetundikwa mitini kama inavyotundikwa siku zote, na risasi zilipopita mle mashambani nyuki wakachafuka. Waliuma pande zote mbili. Hata wapiga bombomu (bunduki za rashasha) wa Kijerumani waliumwa wakaacha silaha zao kwa muda. Tafadhali usiwaambie watoto nyuki walikuwa wa upande fulani.

Na usiwape nyuki ushindi wote. Wajerumani walikuwa kama elfu moja hivi, wengi wao askari Waafrika, wanaijua ardhi, wanaletewa watu na reli hadi mlangoni. Wale wa upande wa pili wametoka melini miguu imelegea, jenerali wao Aitken hakutaka hata kupeleleza vizuri, na muda ukapotea kutafuta mabomu ya baharini bandarini ambayo hayakuwapo. Walipoondoka waliacha bombomu 16, risasi 600,000 na mablanketi. Upande wa Waingereza watu zaidi ya 800 walikufa au kujeruhiwa.

#6 Bwana Mifugo

Mimi nimesomea mifugo na nimefanya kazi Handeni miaka mingi, sasa nina punda wangu watatu Pongwe. Mwalimu, riwaya yako nimeipenda ila punda wako ni binadamu mwenye masikio marefu. Nina mambo ya kurekebisha.

Kwanza, umesema popote kwamba Rupia "alikataa kupita njia kwa sababu alihisi hatari mbele"? Naona kama naujua mchezo huo, wanyama wa hadithi wote ni manabii. Punda akiogopa hasimami kwa unabii. Farasi akiogopa hukimbia, punda husimama na kufikiri. Anagandisha miguu, unaweza kumvuta hadi mikono ikatoka malengelenge. Kombora likilia, familia inataka kukimbia, yeye amesimama njiani kama nguzo. Hiyo ndiyo hofu yake. Watoto wataiona wenyewe bila kuambiwa kwamba ana akili za ajabu.

Pili, anapiga kelele. Familia imejificha kichakani, askari wanapita hatua kumi, na wewe una jike la punda lililotenganishwa na wenzake. Ataita. Wazee husema mfunge kitu kizito mkiani, kwa sababu punda huinua mkia anapolia, asipoweza kuuinua hanyanyui sauti. Sijawahi kujaribu, lakini bibi wa kwenye kisa angejaribu.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Nyuki. Mnyama aliye huru akivamiwa na nyuki anatimka, anaumwa anapona. Aliyefungwa kamba hana maisha. Nimeona kwa macho yangu, punda, mbuzi, hata ng'ombe mzima. Wanazunguka mti mpaka kamba inaisha. Je, saa nyuki wanachafuka Rupia yuko wapi?

#7 Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo Bwana Mifugo.

Nimekaa na simu mkononi nusu saa. Rupia nilikuwa nimemfunga kwenye mkorosho. Athumani ndiye aliyemfunga, ili asije akawafuata kwenye maficho. Nilimfunga kwa sababu nilihitaji asionekane kwenye sura mbili, si zaidi. Uvivu wa mwandishi.

Na umenikamata kwenye unabii. Ilikuwepo hiyo aya. Nilikuwa naipenda sana, nimeifuta saa hii.

#8 Dada wa Sahare

Mwalimu mimi nalia kwa mkorosho tu, hata hatujafika Handeni. Athumani arudi akamfungue. Lazima arudi.

#9 Kijana wa Makorora

Swali la kipumbavu: jina la Ngamiani lina ngamia ndani yake. Kwa nini si ngamia? Punda kila mtu anamjua.

#10 Mwalimu wa Chumbageni

Si la kipumbavu hata kidogo, mdogo wangu. Nilianza na ngamia kweli, nikaandika sura mbili. Ngamia alikuwa anaiba kila ukurasa, familia ikawa watazamaji. Punda anakaa mahali pake. Na mtoto wa Tanga anampita punda wa mkokoteni asubuhi anapokwenda shule, hamtazami. Nataka akimaliza kitabu amtazame.

#11 Mpekuzi

Manza hujaieleza, na watu wengi humu hawaijui. Eleza.

#12 Mwalimu wa Chumbageni

Manza ni ghuba kaskazini ya Tanga, leo iko wilaya ya Mkinga. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, hakuna kinachoingia. Aprili 1915 ikaja meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, imejifanya ya Denmark, imeandikwa Kronborg ubavuni. Manowari Hyacinth ikaiona na kuifukuza. Nahodha akaiingiza Manza, ikapigwa, ikawaka, maji yakaingia. Waingereza wakaondoka wakiamini imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wapiga mbizi wakazamia wiki nzima nzima kuopoa masanduku. Bunduki zilisafishwa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, kwa hiyo zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa juani, zikafungwa upya. Hebu fikirieni hiyo kazi, risasi malaki. Wangapi walikaa chini ya minazi wakikausha baruti kama wanaanika dagaa? Athumani yumo. Rupia amechukuliwa kwa karatasi yenye mhuri ambayo baba hawezi kuisoma, na mtoto kamfuata punda wake kwa miguu kutoka Tanga. Sura hii ndiyo ninayojivunia. Mtoto hajui kama risasi anayoianika itamuua nani. Anajua tu kwamba shogi la Rupia limelowa chumvi na mgongo wake umechubuka.

#13 Mama Wawili

Nisamehe mwalimu, mimi nitasema lisilopendeza. Vita ile iliua wapagazi upande wa Waingereza peke yake karibu 95,000 kwa hesabu inayotajwa zaidi, na hao ni walioandikwa. Upande wa Wajerumani nani aliandika? Kariakoo yetu ya Dar ilipata jina kwa kambi ya wapagazi hao. Hawana makaburi. Wewe unatuletea uchungu wa punda. Mtoto wangu atamlilia mnyama na kumsahau Mzee Kombo aliyebeba mzigo huohuo.

#14 Kijana wa Makorora

Hapo mama amepiga msumari.

#15 Mwalimu wa Chumbageni

Dada Mama Wawili, nimekusoma mara tatu. Sitajitetea haraka.

Ninachoweza kusema ni hiki: nilipowasomea wanafunzi habari za wapagazi kwa tarakimu, waliandika daftarini. Nilipowasomea mgongo wa Rupia uliochubuka, mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na mabega ya baba yake je?" Alifika kwa baba kwa njia ya punda. Mimi sikumpeleka.

Lakini una haki kwamba katika sehemu ya tatu nimemwacha Mzee Kombo nyuma. Nimehesabu. Kuna kurasa 31 na anasema maneno sita.

#16 Mama Wawili

Basi mpe la saba. 🙂

Na mwanangu wa darasa la nne kanisomea uzi huu begani, anauliza Rupia alikuwa anakula nini safarini.

#17 Bwana Mifugo

Mtoto wa Mama Wawili kauliza kuliko sisi sote. Punda hula majani makavu ambayo ng'ombe anayakataa, ndiyo maana jeshi linampenda. Anastahimili kiu. Ila anahitaji muda wa kula, saa nyingi, polepole. Jeshi halina muda. Anabebeshwa alfajiri, anashushwa usiku, anafungwa. Kabla ugonjwa haujamfikia ameshaanza kukonda. Pima ubavu wake kwa vidole vya Athumani, siku moja vidole vinazama, siku nyingine vinaruka juu ya mbavu kama unapita juu ya mkeka wa miyaa.

Halafu Handeni. Pori lile lilikuwa na mbung'o. Mbung'o humwachia mnyama vijidudu vya nagana kwenye damu. Homa inakuja inaondoka, macho yanatoka machozi, tumbo na miguu vinavimba chini, damu inapungua, mwisho hawezi kuinuka. Dawa ya kumtibu haikuwepo. Farasi na nyumbu wa Waingereza waliokuwa wakimfuata Lettow mwaka 1916 chini ya Jenerali Smuts walikufa kwa maelfu, njia nzima inanuka. Punda huvumilia zaidi kidogo kuliko farasi, lakini kazi na njaa vikiungana na mbung'o havumilii.

Kwa hiyo mwalimu, swali lako la afe au arudi, mimi naweza kukujibu kama bwana mifugo. Punda aliyekwenda Handeni na msafara mwaka ule harudi Ras Kasone. Ukimrudisha, mimi nitanunua kitabu chako na nitakuwa wa kwanza kukisema vibaya humuhumu.

#18 Dada wa Sahare

Bwana Mifugo una roho ngumu wallahi.

#19 Nahodha Mstaafu

Hana roho ngumu, ana macho. Mimi naafiki. Ila kufa kuna namna. Usimuue mbele ya watoto. Hata wazee wetu waliokuwa wadogo wakati ule hawakuyaona ya Handeni, waliona aliyerudi na asiyerudi. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani hapo karibu, vita vinafika yuko umri wa Mwanasha. Watoto wa umri ule walibaki nyumbani na akina mama, wakala mihogo, wakangoja. Vita yao ilikuwa kungoja. Mwisho wako uko Ras Kasone, haupo Handeni.

Halafu kumbuka Waingereza waliingia Tanga Julai 1916 bila kishindo kama cha kwanza. Bendera imebadilika. Rupia za Mjerumani walizoficha chini ya mtungi, zile za karatasi za wakati wa vita, hazinunui hata kibaba cha mtama. Jina la punda wako limebaki peke yake lenye thamani. Usilieleze hilo, liache.

#20 Mpekuzi

Na baba anaweza kurudi mapema, si lazima angoje Lettow aweke silaha chini kule Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918. Wapagazi walikuwa wanatoroka, wanaugua, wanaachwa njiani. Kuna ile njia ya vitoroli ambayo Wajerumani waliijenga wakati wa vita kutoka Mombo hadi Handeni, vinasukumwa na watu. Mweke Mzee Kombo pale. Punda akishindwa, watu wanasukuma.

#21 Mwalimu wa Chumbageni

Wadau, sikulala. Nimeandika upya sehemu mbili, nawawekea hapa vipande, mnipige mawe.

*Kipande cha kwanza, Novemba 4:*

Athumani alikuwa amejifunika nguo ya Iddi ya Mwanasha kichwani, ile ya rangi ya manjano, na ndani yake alisikia mvumo kama wa cherehani nyingi. Rupia alikuwa ameuzunguka mkorosho mara tatu. Kamba ilikuwa imekwisha, shingo yake imegota kwenye gamba la mti. Fundo lilikuwa lake mwenyewe Athumani, alilolifunga jana kwa kujivuna, na sasa halikufunguka. Alikata kamba kwa kisu cha kufulia nazi. Hakuikata vizuri. Alikata, ikabaki nyuzi mbili, akakata tena. Rupia hakukimbia. Alisimama, akagandisha miguu yote minne. "Nenda!" Athumani akampiga kofi la ubavuni, kofi la kwanza tangu amjue, na hapo tu ndipo akatimka, na kipande cha kamba kinamburuzika nyuma.

*Kipande cha pili, mwisho wa kitabu:*

Mwanasha ndiye aliyemwona kwanza, mtu anakuja kwa njia ya minazi. Alidhani ni mgeni kwa jinsi alivyokonda. Mama alisimama, kisha akakaa tena. Begani mtu yule alikuwa na shogi tupu la ukindu, amelivaa kama anavyovaa punda, upande huku na upande huku. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bibi akaingia ndani kuteka maji. Athumani akatoka nje, akapita pembeni ya baba yake bila kumsalimia, akaenda mpaka kwenye njia na kutazama nyuma yake, akatazama sana.

#22 Dada wa Sahare

😭😭😭 Hapo kwenye kutazama nyuma.

#23 Mama Wawili

Mzee Kombo amevaa shogi. Sawa mwalimu. Nimenyamaza.

#24 Bwana Mifugo

Kipande cha kwanza sina neno. Nasema kweli.

Cha pili kina kosa. Shogi la ukindu limekwenda Handeni, limelowa chumvi Manza kabla ya hapo, limekula masika porini, limelaliwa. Halirudi. Lingeoza au lingetiwa moto mtu apikie uji. Hakuna mpagazi mgonjwa anayebeba shogi tupu maili zote hizo. Anabeba kitu chenye kazi.

#25 Nahodha Mstaafu

Kamba.

#26 Mwalimu wa Chumbageni

Nahodha?

#27 Nahodha Mstaafu

Mpagazi hatupi kamba. Anafungia mzigo, anafungia kaptura. Na wewe unayo kamba tayari. Ile iliyokatwa vibaya kwenye mkorosho. Baada ya vita kupita mjini mliiunga, sivyo? Maskini hatupi kamba mpya. Rupia alikwenda Manza nayo, akaenda Handeni nayo, ina fundo katikati pale Athumani alipoikata. Baba arudi nayo kiunoni. Mtoto atalijua fundo lake.

#28 Bwana Mifugo

Hiyo inafika. Ya katani au ya kumbi, zote zinafika. Kwa Tanga weka katani.

#29 Mwalimu wa Chumbageni

Nimefuta shogi. Naunga kamba sasa hivi, sura ya tano. Nani aiunge, Athumani au baba?

#30 Mama Wawili

Baba. Na aseme neno la saba hapohapo.

#31 Kijana wa Makorora

Mwalimu kitabu kikitoka bei gani? Namtakia mdogo wangu. Na mimi pia, lakini msimwambie mtu.